Matairi ya Kiangazi kwenye Mlima wa Ukweni

Sogea karibu nikusimulie, maana aibu hii ninayo tangu mwaka 2013, na nimegundua kwamba aibu ukiisimulia mwenyewe inauma kidogo kuliko ukiwaachia watu wa Kasulu, ambao hadi leo wanaisimulia vizuri kuliko mimi. Mimi ndiye yule mwalimu wa fizikia aliyefika ukweni akisukumwa na kwaya.

Nianze taratibu ili tusipotezane. Wakati huo nilikuwa nafundisha sekondari huko Kibondo, mtu wa Tanga niliyepangiwa kazi na serikali, na nilikuwa na gari la mbio, jekundu, la milango miwili, lililokaa chini kiasi kwamba kuku walikuwa wanalitazama kwa kushusha macho (chaguo la busara kabisa kwa wilaya ambayo udongo mwekundu ulianzia mlangoni kwangu na sijui ulikoishia). Usinicheke bado. Kila mtu ana ujinga anaoupenda, na wa kwangu ulikuwa na usukani wa ngozi.

Sasa matairi yakawa vipara, na mimi nilikuwa na safari ya kwenda Kasulu kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu, Yusta. Safari hiyo haikuwa ya mchezo. Baba yake alikwisha kumwambia kwamba watumishi wanaoletwa kutoka mbali huondoka kama walivyokuja, kwa hiyo huyu mmoja anataka amwone kwa macho yake, ndipo aseme ndiyo au hapana.

Matairi ya saizi yangu yalikuwa ya aina mbili. Kulikuwa na yale yenye kashata nene, yaani yale meno ya mpira yanayoshika ardhi, ambayo yangelifanya gari langu lionekane kama bibi harusi aliyevaa gamboti. Halafu kulikuwa na matairi ya mbio, ya kiangazi, mapana, ubavu mfupi, uso laini wenye mifereji michache, yaliyotengenezwa kwa ajili ya lami ya nchi za watu. Niliyasoma kwenye simu wiki nzima, nikisubiri kila picha ifunguke kwa mtandao wa Kibondo, na nikamweleza kila aliyeingia chumba cha walimu, hata aliyekuja kuchukua chaki tu, kwamba tairi pana linagusa barabara zaidi na mpira wake laini unang'ang'ania kama mjusi ukutani. Na yote hayo ni kweli, rafiki yangu. Nilisahau tu kutaja barabara gani.

Nikaagiza ya kiangazi. Yalipofika kwa basi kutoka Dar, mshenga wangu, Mzee Nestori, Muha wa Kasulu aliyestaafu ukarani, alikuja kuyatazama.

"Mwalimu, haya yamekwisha kutumika?"

"Mapya kabisa, mzee."

"Mbona hayana meno?"

"Ndivyo yalivyo. Ni ya kasi."

"Kwani tunakwenda kuposa au tunakwenda kuiba?"

Nikamfafanulia msuguano tangu mwanzo, kwa mifano. Alinisikiliza kwa adabu ya mtu anayesubiri mvua ipite.

Tukaondoka Jumamosi moja ya mwezi wa kumi. Barabara ilikuwa kavu na gari lilikwenda kwa raha, nami nikawa namuuliza mzee kila baada ya kona kama ameona, naye akawa anajibu kwamba ameona. Tulipopita Makere mvua ikatukuta, si kubwa, ile ya kulowesha udongo juu juu (ambayo ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu chini panabaki pagumu na juu panakuwa kama pamepakwa sabuni), lakini nikawa nakwenda kwa mwendo uleule bila kusimama mpaka tukaukuta mlima wa mwisho. Juu yake nyumba ya kina Yusta ilikuwa inaonekana kabisa, na watu wamesimama uani wanatutazama. Katikati ya mlima, mzee mmoja mwenye suti ya rangi ya maziwa alikuwa anapanda kwa miguu na mwavuli wake.

"Simama tumsalimie," akasema Nestori.

"Mzee, nikisimama hapa kwenye mlima..."

"Unakwenda kuomba binti kwao, halafu unampita mkubwa wao njiani kama umepita kisiki? Simama, zima, shuka. Mkubwa hasalimiwi dirishani."

Nikasimama, nikazima, nikashuka. Nikainama nikapiga makofi taratibu kama nilivyofundishwa, nikasema "Mwidiwe," na salamu ya Waha si kitu cha kumaliza haraka, kwa hiyo tukaanza na habari za Kibondo, tukaenda kwenye mahindi, tukafika kwa mama yangu Tanga na afya ya ng'ombe wake (hana ng'ombe, lakini nilisema wazima). Mwisho mzee akatabasamu.

"Mimi ni baba mdogo wa Yusta. Tangulieni, nawafuata."

Nikawasha, nikakanyaga mafuta. Gari halikwenda popote. Udongo ndio uliokwenda, na ulikwenda nyuma, ambako baba mdogo alikuwa amesimama kwa utulivu akisubiri tutangulie, ukampata kuanzia magotini hadi kwenye miwani. Nami, kwa kuwa ni msomi, nikaongeza mafuta. Alipata awamu ya pili. Kisha gari likateleza kinyumenyume, polepole, kwa heshima zote, likakaa mtaroni.

Ndipo ikatokea kwaya iliyokuwa inarudi kutoka mazoezini. Walituvuta, wakatutoa, na baba mdogo tukamketisha kiti cha mbele kwa adabu, maana tusingemwacha atembee katika hali ile. Nestori akajiunga na wasukumaji. Mama mmoja mnene, kiongozi wao, akaja dirishani kwangu.

"Mwalimu, wewe shika usukani tu. Mafuta usiguse. Sare hizi ni za kesho."

Wakasukuma kwa wimbo, sauti zote nne, hadi uani. Baba yake Yusta alimtazama ndugu yake anashuka, akanitazama mimi, akalitazama gari.

"Kijana, hili linatumia mafuta gani?"

"Petroli, baba."

"Naona leo limetumia wanakwaya."

Hapo ningeomba radhi nikanyamaza, yangeisha. Lakini mimi ni mwalimu. Tulipokwisha kukaa ndani, baba mdogo akiwa amevaa shati la kuazima, nikaanza kueleza kwa upole kwamba kosa si la matairi, matairi ni mazuri sana, ila haya ni ya kiangazi. Nestori alinikanyaga mguu chini ya meza. Nikadhani ameteleza, nikaendelea.

"Ya kiangazi," akasema baba.

"Ndiyo, baba."

"Basi tumekuelewa. Chakula hiki hapa, kuleni mshibe. Habari ya binti uje nayo kiangazi."

Mvua ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza. Yusta alinisindikiza hadi kwenye gari, hakujisumbua kuficha kicheko. "Uliniambia gari litakuleta," akasema. "Hukuniambia kwamba na lenyewe litaletwa."

Nikasubiri mvua zote, za mahindi na za maharage, nikinyamaza katika chumba cha walimu kuhusu jambo lolote lenye gurudumu. Mwezi wa sita tukarudi na matairi yenye meno. Baba yake alitoka nje, akalizunguka gari, akabonyeza kidole gumba kwenye kashata za tairi moja baada ya jingine, ndipo akaitikia shikamoo yangu na kutukaribisha ndani. Siku hiyo alisema ndiyo, na mimi sikueleza chochote.

Kwa hiyo nawe siku ukitaka matairi, usianze na picha. Subiri mvua inyeshe, uende kwa miguu kwenye mlima mbaya kuliko yote unaopita na gari lako, uupande hadi juu. Ukifika tazama tope lililoganda chini ya viatu vyako, kisha kanunue tairi lenye mifereji yenye kina kuzidi unene wa tope hilo.