Matembele ya Nyiraneza Chini ya Taa ya Zambarau

Bernardine Nabintu, binti wa Byamungu wa Walungu, yule Byamungu aliyelima mteremko wa mawe mpaka waliomcheka wakaja kumwomba mbegu. Mjukuu wa mkunga aliyezalisha wanawake wa vilima vyote vya jirani bila kumpoteza mama hata mmoja. Yeye mwenyewe alitembea kwa miguu hadi ziwani na binti yake Donatille mgongoni, akavuka mpaka Kigoma, na kule kambini Nyarugusu akaotesha mboga kwenye kiwanja ambacho wenzake walisema hakifai hata kuanikia nguo. Watoto wa watu wengine walikula sufuriani mwake, na leo wana wake na magari. Alipofika Minnesota nywele zilikuwa zimeshaanza kuingia mvi, na bado akasafisha vyumba vya hoteli kwa miaka, na hakuna siku msimamizi alipita nyuma yake kutandika kitanda upya.

Haya yote husemwa kanisani Brooklyn Center kila mgeni anapojulishwa kwake, naye huyasikiliza hadi mwisho bila kuinamisha kichwa. Likisahaulika lolote, hulitaja mwenyewe. Ila siku hizi kuna moja analotaka litangulizwe mbele ya yote, nalo ni habari ya matembele ya Nyiraneza.

Nyiraneza alikuwa rafiki yake wa kambini. Walilima tuta moja, wakagombana kwenye tuta hilohilo, wakapatanishwa na njaa. Ndege zilipokuja kuwatawanya, Nyiraneza alipelekwa Iowa na Bernardine akaja huku. Huko Iowa, Nyiraneza alipata kwa Mkongo mwenzake matembele ya aina ya kwao: majani yaliyopasuka kama vidole vya mkono, shina jekundu, na ukiyapika na mawese hayatoi ute hata kidogo. Yale ya dukani yaliyogandishwa ukiyaweka kando yake ni kama kutafuna karatasi. Kila mwezi wa tano Nyiraneza alikuwa akituma mfuko wa vipande vya mashina na yeyote anayekuja Minneapolis kwa harusi au kwa msiba, na Bernardine akavipanda nyuma ya kanisa, na wanawake wote wakachuma mpaka baridi ilipoua kila kitu.

"Lakini wewe unayatunzaje wakati wa theluji?" Bernardine alimwuliza kwenye simu.

"Wewe lima tu, dada. Baridi niachie mimi."

Mwezi wa nane Nyiraneza akafariki, moyo. Bernardine alipofika mazishini alikuta wanawe wameshagawa sufuria za mama yao, na bustani ya nyuma ya nyumba imekatwa na mashine ya kufyekea nyasi, imelala sawasawa kama zulia. Hawakuwa na ubaya. Hawakujua kwamba kulikuwa na kitu pale. Basi duniani kote, kwa kadiri Bernardine alivyojua, matembele yale yalibaki nyuma ya kanisa tu, kwenye matuta yake mwenyewe, na baridi ilikuwa njiani. Akasimama kaburini akasema kwa sauti, watu wakisikia: "Nyiraneza, baridi sasa ni yangu."

Maneno ya kaburini hayarudishwi.

Mwezi wa kumi, kabla ya jalidi, alikata mashina yote, akayafunga mafungu. Akafanya alivyofunzwa na mama yake, na mama yake alivyofunzwa: akayalaza. Kwao shina la matembele halipandwi siku lilipokatwa. Hulazwa kivulini migombani, likanyong'onyea kidogo, likasahau mama yake, ndipo likipata udongo hutoa mizizi kwa uchu. Bernardine hakuwa na migomba. Alikuwa na chumba cha chini cha nyumba ya Donatille, kivuli kizuri, karibu na mashine ya kufulia. Akatandaza maboksi, akayalaza hapo mafungu yake kama watoto wachanga, akapanda ngazi kurudi juu, ameridhika.

Usiku ule baridi ya kwanza ikaja, na joto la nyumba likajiwasha. Tundu la hewa ya moto lilikuwa ukutani, juu tu ya maboksi. Aliposhuka kuyatazama, matembele yalivunjika mkononi kama tumbaku.

"Maman," Donatille alisema akiwa mlangoni na sare yake ya kazi, "basi tena. Tutanunua ya kugandisha."

"Usinitukane ndani ya nyumba yako."

Akaanza kuokota makavu moja moja, labda limo lenye uhai. Hakupata. Ndipo alipokwenda kuondoa nguo zilizokuwa zimesahauliwa kwenye kapu, nguo mbichi zilizotoka kufuliwa, akakuta shina moja limedondokea humo. Limepondeka katikati, majani yamelegea, lakini ukilikwaruza kwa kucha ndani ni kijani. Bernardine akakaa chini sakafuni na lile shina mapajani. Hakulia. Alifikiri. Yale yaliyolala pakavu yamekufa, hili lililolala kwenye unyevu limepona. Kwa hiyo kosa si kulaza. Kosa ni hewa ya huku, inakunywa. Kule migombani hewa yenyewe ina maji, shina linapumzika. Huku kulaza ni kukaanga.

Akalitia kwenye glasi ya maji dirishani pa jikoni. Baada ya siku chache sehemu ya chini ikaanza kuwa nyeusi na kunuka. Akakata iliyooza, akabadilisha maji. Ikaoza tena, na shina likazidi kuwa fupi.

"Kazini kwangu," Donatille akasema siku moja kwa mzaha, akinywa chai, "wenzangu wanaotesha bangi majumbani, si serikali imeruhusu? Wanakata matawi, wanayaotesha mizizi kwenye vyumba vya chini, theluji ikiwa mpaka kiunoni. Hawapotezi hata moja."

Bernardine akaweka kikombe chini. "Wananunua wapi vifaa?"

"Maman! Nilikuwa natania."

"Mimi sitanii. Vaa viatu."

Duka lilikuwa mji jirani wa Crystal, lina picha ya jani kubwa la kijani mlangoni. Donatille alikataa kushuka. Alibaki garini, kofia ya koti imefunika uso, kwa sababu nusu ya wanakanisa hupita barabara ile. Bernardine akaingia peke yake na kitenge chake cha kanisani na shina lake ndani ya karatasi yenye maji. Mwenye duka, mzungu wa makamo mwenye ndevu hadi kifuani, akalipokea kwa mikono miwili, na kwa hilo tu Bernardine akampenda.

"Ni mmea wa aina gani?" akamwuliza.

"Wa kula," Bernardine akajibu kwa Kiingereza chake cha hotelini.

"Siku hizi wote ni wa kula, mama."

Alipoelewa kwamba ni mboga, wala si bangi ya kutia kwenye keki, yule mzungu alicheka mpaka ndevu zikatikisika, kisha akaacha kucheka akafundisha. Kata kwa kisu kikali, mshazari, chini kidogo ya kifundo, kwa maana mizizi hutokea kifundoni. Punguza majani makubwa, kwa sababu shina lisilo na mizizi haliwezi kuyanywesha. Chomeka kwenye udongo mwepesi, unyevu si tope. Halafu akatoa sinia yenye mfuniko wa plastiki unaoonyesha ndani. "Mfuniko huu ndio kila kitu. Majani yatakunywa kwa ngozi mpaka mizizi itoke. Ukiona umande ndani, mmea wako uko salama."

Bernardine akaushika ule mfuniko, akaugeuza. Akaona mgomba. Kivuli chenye maji hewani, wameufanya wa plastiki.

"Na taa, badala ya jua," mzungu akasema.

Alipotoka na sinia kwapani na boksi la taa kichwani, lenye picha ya jani lilelile la mlangoni, akakutana uso kwa uso na Peris. Peris ni Mkenya, mzee wa kikundi cha maombi, mlezi wa wagonjwa, mwanamke mwenye mdomo. Mwaka wa kwanza alipoona matembele kanisani alisema, "Aki, hiyo kwetu tunapea sungura." Kufikia mwezi wa saba alikuwa anakuja na sahani yake mwenyewe.

"Mama Bernardine?" Peris akatazama boksi, akatazama mlango wa duka. "Uko sawa?"

"Niko sawa kabisa. Na wewe?" Akapita.

Angeweza kueleza. Hakueleza. Mtu aliyemjua miaka yote ile, akala mboga yake, kama anamhitaji aeleze, basi na asubiri.

Kwa lile shina lililobaki vilipatikana vipande vichache tu, kila kimoja na kifundo chake. Akavichomeka, akafunika, akawasha taa. Chumba kizima kikawa zambarau, na kidirisha cha chini kikawaka mpaka barabarani. Kila asubuhi alishuka kutazama umande. Ulikuwepo. Kipande kimoja kilioza, akakitoa bila maneno. Vingine vilisimama tu, havifi, haviishi. Alianza kumsemesha Nyiraneza kwa ukali: "Ulishindwaje kuniambia? Ulidhani utaishi milele?"

Jumamosi moja mchana kengele ikalia. Mlangoni alikuwa Peris, na nyuma yake Pasta Eliakim, anakung'uta theluji kwenye viatu, anaona aibu.

"Mum, tumekuja kukuombea," Peris akasema. "Ile taa inaonekana mpaka kwa kituo cha basi. Watu wanaongea."

"Wanasema nini?"

"Unajua."

"Sijui. Sema wewe, una mdomo."

"Bangi, Mama Bernardine! Wanasema unapanda bangi!"

Donatille, jikoni, akafunika uso kwa taulo. Bernardine akajinyoosha, akawashusha ngazi. "Karibuni. Waombeeni. Wanahitaji maombi kweli."

Peris, uso wote zambarau, akafumba macho kabla hajatazama vizuri, akaomba kwa nguvu, akakemea, akataja moto. Bernardine akasema amina kila mahali. Walipofumbua macho, Pasta Eliakim ndiye aliyeinama juu ya mfuniko.

"Peris," akasema polepole, "hii si ile mboga yetu?"

Peris akainama. Ndani ya umande, majani yaliyopasuka kama vidole.

"Aki Mungu wangu," akasema. "Sungura."

Wakacheka mpaka Bernardine akashika ukuta. Katika kucheka kwake akainua mfuniko awaonyeshe vizuri, akavuta kipande kimoja kidogo kwa vidole viwili, kama mkunga avutavyo kitovu kujua kama kondo limeachia. Kikakataa kutoka. Akavuta tena. Kimeshika. Akakichimbua kwa kijiko, na chini ya kifundo ikaning'inia mizizi myeupe, myembamba kama nywele za mtoto. Bernardine akaacha kucheka. Akakirudisha udongoni, akafunika, akatoka nje ya lile duara la mwanga ili wasimwone uso. Kisha akarudi, kichwa juu.

"Sasa nendeni mkatangaze," akasema. "Kama mlivyotangaza lile la kwanza."

Wakatangaza. Mpaka theluji inayeyuka, vile vichache alikuwa ameshavikata tena na tena chini ya mfuniko, na mwezi wa tano matuta ya nyuma ya kanisa yalijaa mwisho hadi mwisho. Mwenye duka wa Crystal alikuja kula, akapewa sahani ya pili bila kuomba. Bernardine alimketisha karibu naye, akamtambulisha kwa kila mtu: "Huyu ndiye aliyeniuzia mgomba."

Ila magoti hayapandi ngazi kama zamani, na yeye si mtu wa kujidanganya. Mwezi wa tisa, watu wakichuma, alimwita Peris tutani, akampa sinia, mfuniko na taa, vyote vimefungwa kwenye kitenge.

"Mum, mimi? Nitayaua."

"Wewe ulikemea mpaka yakatoa mizizi. Chumba chako cha chini kina kazi gani, zaidi ya kuweka masanduku? Baridi hii ni yako. Usiyalaze, hata ukisikia mimi ndiye niliyesema hivyo zamani. Kata chini ya kifundo, funika siku hiyohiyo, tazama umande kila asubuhi kabla ya kazi. Nitakuja Jumamosi kukagua."

Peris akapokea kwa mikono miwili.

"Na dirishani," Bernardine akasema, akirudi kwenye majani yake, "weka pazia. Usije ukaombewa."