Macho ya Kutunga Uzi

Karakana yetu ya kushona ina vyerehani vitatu na dirisha moja, na kwa miaka minne sikutunga uzi mwenyewe. Kazi hiyo aliishika mtoto wa marehemu mdogo wangu, binti anayeniita Mama Mkubwa. Sisi tulimwita Tundu, kwanza kwa sababu tundu la sindano halikuwahi kumkatalia, pili kwa sababu alikuwa mtundu kweli. Alikuwa akifumba jicho moja, uzi unapita mara ya kwanza, kisha anaiambia sindano, "Marahaba."

Tundu ana miaka ishirini na mmoja. Ugonjwa wa sukari ulimwanza akiwa na tisa. Alijua kujichoma insulini kabla hajajua kushona pindo, na wateja wakimhurumia huwaambia kwamba sindano ndiyo iliyomlea, Mama Mkubwa alisaidia tu. Mimi hununa, wao hucheka.

Kila mwaka kliniki humwandikia karatasi ya kupimwa macho. Mwaka juzi alikwenda, akasoma herufi za ubaoni mpaka mstari wa chini kabisa. Walipotaka kumtia dawa ya matone, akakataa, akarudi kazini.

"Yale matone yanapanua mboni, Mama Mkubwa. Unashinda kutwa nzima huoni cha karibu. Na suti ya bwana harusi nani ataipiga vifungo?"

Nilimwambia amefanya la maana. Ubao si ameusoma wote? Kwetu sisi huko ndiko kupimwa macho.

Mwaka jana karatasi ilikuja wiki ya sare za shule. Kwa kuwa nasimulia, basi niuseme ukweli. Alitaka kwenda. Alikuwa ameshavaa viatu. Nikamwambia, "Mtu anayetunga uzi mweusi kwenye sindano nyembamba kama nywele anakwenda kupimwa nini? Waachie nafasi wasioona." Akacheka, akavua viatu, akakaa kwenye cherehani. Nilifurahi. Sare zilikwisha kwa wakati.

Mwaka huu muuguzi wa kliniki, mama mmoja asiye na utani, hakumpa karatasi. Alimshika mkono, akampeleka mwenyewe hadi chumba cha macho, kisha akanipigia simu niende kumchukua.

Nilimkuta kwenye benchi, mboni zimetanuka, simu ameinyoosha mbali na uso na bado haisomi. Daktari wa macho akatuita ndani. Alikuwa kijana mpole, nami sipendi daktari akiwa mpole sana.

"Huyu anaona vizuri," nilimwambia kabla hajakaa. "Anatunga uzi."

"Najua, mama. Kutunga uzi anatumia sehemu ndogo tu ya katikati. Ugonjwa huu huanzia nyuma ya jicho na haubishi hodi. Tukingoja mgonjwa aseme haoni, mara nyingi tumeshachelewa."

Akatuonyesha picha waliyopiga ndani ya jicho: duara la rangi ya chungwa lenye mishipa. Jicho la kushoto lilikuwa na vidoa vichache tu. La kulia lilikuwa limeota vimishipa vipya, vyembamba, vimechanganyikana kama uzi uliofumuka. Alisema hivyo havikutakiwa kuwepo. Vikipasuka, damu itatanda ndani ya jicho. Kwa hiyo watalipiga miale ya leza, wiki hii hii, kuokoa kuona kwake kwa mbele, naye huenda akapoteza kidogo kuona kwa pembeni na gizani.

"Usipoziba ufa," muuguzi alisema pale mlangoni, wala hakuimalizia. Methali hiyo nimewasomea wanafunzi wangu wa kushona maisha yangu yote.

Sikulia. Sikuogopa hata. Nilikuwa nimekufa ganzi, kama mkono uliolaliwa, najua ni wangu lakini haunitii. Ukutani palikuwa na tangazo la kunawa mikono. Nililisoma lote, nikalirudia tangu mwanzo. Tundu aliuliza kama ataweza kushona baada ya miale, akaambiwa ndiyo, baada ya siku chache. Akasema, "Haya." Sauti yake ilikuwa ile ile ya kumjibu mteja anayetaka gauni lipunguzwe kiuno.

Daktari akafunua faili.

"Mwaka juzi hukutiwa matone. Mwaka jana hukuja kabisa. Mwaka jana tungeyaona haya yakiwa bado vidoa, na pengine kuidhibiti sukari kungetosha." Hakuwa na ukali. Alitaka kujua tu. "Ilikuwaje?"

Nilifungua mdomo.

"Nilisahau, daktari," Tundu alisema.

Daktari akaandika kwamba mgonjwa alisahau, nami nikamwacha aandike.