Bokoboko la Mtama

Binti yangu alikuja Tabora kujifungua mtoto wake wa kwanza akiwa na sufuria yake mwenyewe. Aliifunga kwa kanga ndani ya begi la nguo, pamoja na mwiko na kisu. Mama yangu alipoiona akauliza kama huko Dar es Salaam siku hizi mtu anasafiri na jiko zima, maana sisi wa Isevya bado hatujafikia kukosa sufuria. Binti yangu akacheka, akasema, "Bibi, ni ya dawa tu." Haikuwa ya dawa. Ilikuwa ya kupikia chakula kisichoguswa na ngano, na mama yangu alilijua hilo vizuri sana.

Mwili wa binti yangu haupatani na ngano. Si kwamba haipendi. Ikiingia kidogo tu, tumbo linajaa, anaharisha, damu inapungua, anabaki mifupa. Kabla ya daktari mmoja kugundua hivyo alikuwa ameshatibiwa minyoo, amiba, taifodi, na jicho la watu. Hakuna kidonge wala sindano. Dawa ni kuacha. Chapati, maandazi, mkate, tambi, vyote basi. Nilipoambiwa nilipandwa na hasira, na mpaka leo sijui nilimkasirikia nani.

Maandazi mtu anaweza kuyasahau. Shida ilikuwa bokoboko. Mama yangu hupika bokoboko kuliko mtu yeyote mtaani, na akisikia nimesema hivi atauliza kwa nini nimetaja mtaa badala ya mji. Ngano nzima iliyokobolewa inalowekwa, inachemshwa na nyama ya mbuzi mpaka vyote vimechoka, kisha inapondwa kwa mwiko hadi usijue ipi nyama ipi ngano. Likiwa tayari linavutika. Juu unamwaga samli na vitunguu vya kukaanga. Kwetu hupikwa sikukuu, hupikwa kwa mgonjwa, na hupikwa kwa mzazi. Binti yangu alikuwa mtoto wa kuuguaugua, na kila akiugua nilimpeleka kwa bibi yake apate nguvu.

Alijifungua salama, mtoto wa kike. Wanawake wakaja na kanga na sabuni, wakamkanda maji moto, wakamnywesha uji wa pilipili manga. Uji ulikuwa wa mchele, nilihakikisha mwenyewe. Lakini alikuwa amekonda, maziwa yalikuwa yanasuasua, na yeye hakula chochote kilichotoka jiko la bibi yake. Alikula wali mkavu na mchicha kutoka kwenye sufuria yake ile. Mama yangu alipika bokoboko siku ya kwanza, akalileta kwenye bakuli lenye mfuniko.

"Kidogo tu, mke mwenzangu. Kidogo hakidhuru."

"Kinadhuru, bibi."

"Ngano imewalea watu wote wa nyumba hii. Itakuwaje ikuchukie wewe peke yako?"

Bakuli likarudi jikoni limejaa.  Mama yangu alitaka kitu kimoja tu, mjukuu wake ale kutoka mkononi mwake. Binti yangu naye alitaka kitu kimoja, asiugue huku ananyonyesha. Mimi nilikuwa katikati, na katikati si pa mtu mwenye hasira za karibu kama zangu.

Nikaamua nitalipika bokoboko bila ngano. Nilianza na mchele. Nikauloweka, nikachemsha na nyama kwenye sufuria ya binti yangu, nikaponda mpaka bega likaniuma. Mama yangu alisimama mlangoni akiangalia.

"Huo ni ubwabwa wa mgonjwa," akasema. "Mzuri. Lakini usiuite jina lisilo lake."

Alisema kweli. Halikuvutika hata kidogo, lilikatika kama uji uliopoa. Binti yangu alikula vijiko viwili, akasema, "Tamu, mama," kwa ile sauti ya kumsifia mtoto aliyechora ng'ombe.

Nikasema basi, mtama. Hapo mama yangu akanijia juu. Mtama! Chakula cha wapagazi! Mzazi analetewa chakula cha watu waliobeba pembe za ndovu begani mpaka Bagamoyo!

"Na sisi mama, ni kina nani?" nikamuuliza. "Babu yako alikuwa amekaa kwenye kiti anabebwa?"

Akasonya, akaondoka. Babu yake alikuwa mpagazi, tena alikuwa na kovu begani ambalo mama mwenyewe ndiye aliyetusimulia.

Nilinunua mtama mweupe sokoni, nikautwanga kutoa ganda. Badala ya nyama peke yake nikaongeza kongoro, kwa sababu supu ya kongoro ikipoa inanata vidoleni, na kitu kinachonata nilikuwa nakihitaji. Mama yangu alikaa pembeni akamenya vitunguu bila kuombwa. Likaiva, nikaponda, likaanza kuvutika. Si kama la ngano, lakini lilivutika. Binti yangu alikula bakuli zima, akalamba mwiko. Nilifurahi, nikakaa kwenye kigoda nikacheka peke yangu.

Asubuhi alikuwa chooni. Tumbo limejaa kama ngoma, uso umepauka, mtoto analia kifua hakina kitu. Sikufikiri mara mbili. Nilikwenda uani ambako mama yangu alikuwa anaosha vyombo, sikumwamkia wala nini.

"Mama, umeweka ngano."

Akaacha kuosha.

"Umeweka. Ulikaa pale na vitunguu vyako. Umeona halivutiki kama unavyotaka, ukatia konzi moja. Umefurahi sasa?"

Sikuwahi kusema naye hivyo, na nilitegemea kibao. Alifuta mikono kwenye kanga.

"Nimemlisha ngano miaka yote nikiwa sijui," akasema. "Sasa najua, ndiyo nimwekee?"

"Unajua? Si kila siku unabisha?"

"Ulitaka nifanyeje? Ulikuwa unamleta kwangu akiumwa, nampikia. Anazidi. Nakwambia mwache, bado hajala vya kutosha, nampikia tena. Kama ni ngano, basi ni mimi. Nilibisha ili isiwe ngano."

Akarudi kwenye vyombo vyake. 

Nikaenda kuumwaga mtama uliobaki kwenye ungo. Ndani yake kulikuwa na punje za ngano, si nyingi, lakini zilikuwepo, nyekundunyekundu na mfereji katikati. Nikabeba ungo mpaka sokoni. Yule mama muuzaji aliziangalia, akaniangalia, akaninyooshea kopo lake. Ni kopo hilohilo anachotea mahindi, mtama, ulezi na ngano, toka gunia hadi gunia, kama wanavyofanya wauza nafaka wote. "Dada, punje mbili tatu zimekuudhi?" akasema. "Nikuongezee mtama?" Nilimjibu maneno ambayo siyaandiki hapa.

Nilimwomba mama yangu radhi. Akasema, "Sawa," halafu akaniagiza kwa ndugu yetu mwenye shamba Itetemia, nilete mtama ungali kwenye masuke. Aliupura mwenyewe juu ya turubai jipya, akaupepeta, akavaa miwani, akauchambua punje kwa punje. Tuliutwanga kwenye kinu cha kisamvu, ambacho hakijawahi kuona ngano. Kuponda aliponda yeye, kwa mwiko wa binti yangu, huku akilalamika kuwa ni mwiko wa kuchezea watoto. Mwisho akauinua, bokoboko likavutika.

"Rangi yake mbaya," akasema. "Lakini ndilo."

Binti yangu alikuwa amekaa mkekani na mtoto. Mama yangu akaweka sinia, akaketi mbele yake, akachota tonge, akainua mkono. Mkono ukasimama hewani. Asubuhi ile alikuwa amewakandia wageni unga wa chapati, na sasa alikuwa anazitazama kucha zake. Akaliweka tonge kando, mbali na sinia, akainuka, akatoka uani.

Tulisikia bomba limefunguliwa. Lilikaa wazi muda mrefu. Kupitia mlangoni nilimwona ameinama, anajisugua kwa sabuni na dodoki mpaka kwenye viwiko, anasuuza, anaanza tena. Chakula kilikuwa kinapoa. Akarudi ameinyoosha mikono mbele yake, maji yanadondoka sakafuni, ili isiguse kanga aliyovaa asubuhi.

Akaketi. Akachota tonge jingine upande wa pili wa sinia. 

"Haya, mke mwenzangu."

Binti yangu akanipa mtoto nimshike, akafungua kinywa.