Kamba ya Katani

Wazazi wetu walipofariki niliacha shule, nikaanza kuchuma kahawa katika shamba moja Ruiru ili nimlee mdogo wangu wa kike, aliyekuwa na miaka sita. Nilimfunza adabu kama nilivyofunzwa mimi: mtu mzima akikuita, nenda, akinyoosha mkono, mpe wako.

Siku moja mwanamume tusiyemjua alimpa kipande cha muwa, akamshika mkono na kuelekea naye stesheni. Muuza viazi mmoja akapaza sauti, "Wewe! Huyo mtoto ni wa nani?" Yule mtu akamwachilia, akatokomea.

Nilimuuliza mdogo wangu kwa nini alimfuata. Alishangaa. "Si ni mtu mzima? Aliniita."

Ni mimi niliyemfunza hivyo.

Nikachukua kamba fupi ya katani, yenye ncha iliyoungua, ambayo baba aliisokota alipokuwa akifanya kazi kwenye mkonge kule Thika. "Nikimtuma mtu akuchukue, nitampa hii. Asipokuwa nayo, huendi, hata awe nani. Msalimie kwa mdomo, mikono weka nyuma, ukae karibu na watu." Kila jioni tulifanya mazoezi. Mimi nilijifanya mgeni nikinyoosha mkono, naye alirudi nyuma huku akicheka.

Jirani yetu, mama wa chumba cha pili, alinuna. "Mtoto wako siku hizi ananinyima mkono! Unalea malkia?"

Kisha ikaja siku ya mvua kubwa. Nilichelewa kwenye foleni ya kupima kahawa, nikamwomba mama huyo huyo amchukue mdogo wangu kwenye shule ya kanisa.

Niliwakuta bado wako huko. Mdogo wangu alikuwa amejibanza kando ya mke wa mwalimu, mikono nyuma. Jirani alikuwa amelowa chapachapa.

Aibu ilinipanda. "Huyu si ndiye anayekupikia uji?" nikafoka, mkono juu. Mdogo wangu akarudi nyuma hatua moja, mikono bado nyuma. Nikaona wazi kwamba nikimpiga, kesho ataenda na yeyote.

"Usimguse," jirani akasema. "Nimembembeleza, nimemwahidi ndizi, nimemtisha. Hakusogea. Anauliza kamba."

Ilikuwa mfukoni mwangu.

Nilimpa jirani. Akainama, akamwonyesha. Mdogo wangu aliikagua ile ncha iliyoungua, kisha akatoa mkono wake.

Njiani jirani alinisogelea. "Kesho nisokotee yangu," akasema. "Mimi nina watatu."