Laiti nisingemuosha yule mtoto nywele

Leo hapa saluni mdomo umeniponza.

Mteja wangu mmoja (jina nalihifadhi) kaja na binti yake mdogo, wameongozana na mama mkwe aliyetoka Masasi kuwasalimia.

"Dada, usimuoshe. Mpake tu mafuta, umsuke kama dada yake," akaniambia mama mtu. Huyo dada mtu namsuka mimi siku zote.

Nikadhani anaonea huruma maji yangu. Newala hii, nani asiyejua shida ya maji?

Lakini mtoto analia kila chanuo likimgusa, nywele zimegandana kwa mafuta mazito. Mimi na kujua kwangu! Nikamuosha, nikaziacha zikauke zenyewe, maana ndivyo nywele zinavyojionyesha.

Zikashuka mabegani, mawimbi matupu.

Nikaanza somo: "Za dada yake zinajiviringa pete pete, zinataka mafuta mengi na kuchanwa zikiwa zimelowa. Hizi za mawimbi, mafuta kidogo tu. Hata hazifanani!"

Bibi akamgeukia mkwewe, taratibu: "Hazifanani. Sasa kazitoa wapi?"

Mama mtu akainama kuokota kitu ambacho hakikuanguka.

Jamani, kumbe hakuwa anaonea huruma maji.

Nikajitetea kwamba hata ndugu wa baba mmoja, mama mmoja hutofautiana nywele, na ni kweli, nimewasuka wengi. Nani alinisikiliza?

Ningefanyaje? Niambieni.

Bibi alitoka kwanza, bila kuaga. Mtoto akabaki kwenye kioo, anajigeuzageuza.

"Mama, ona nilivyopendeza! Twende tukamwonyeshe baba."