Mguu wa Jakez Kwenye Dizeli

Jakez Kerdoncuff wa depo ya Kemper, huko Bretania, aliendesha injini za mvuke tangu ujana wake, kichwa nje ya dirisha, uso mweusi tii. Basi zikaja dizeli mpya za buluu, zile zenye namba za elfu sitini na nane ubavuni, zilizoundwa kuvuta treni za abiria bila makaa. Wazee wa depo wakasema ni mapambo tu, hazitafika Krismasi. Wapi! Zilifika, na makaa ndiyo yaliyoondoka.

Dizeli hizo zina pedali. Dereva huikanyaga, huiachia kidogo, huikanyaga tena, kuonyesha kwamba yuko macho. Akizubaa, breki zinajifunga zenyewe. Lakini Jakez hakuzubaa hata kidogo! Alikuwa amesimama dirishani akiisikiliza injini, kama alivyozoea, na mguu akausahau. Treni ikasimama ghafla kati ya mashamba ya viazi, kahawa ikamwagikia abiria. Wiki iliyofuata akarudia yaleyale.

"Bwana Kerdoncuff," mkaguzi Hascoët akamwambia, "ukiisimamisha treni tena siku ya mtihani wako wa dizeli, unakwenda stoo ya mizigo."

Jakez alirudi nyumbani hoi. "Soazig, mke wangu, stoo itaniua."

"Hufi. Hebu kaa hapa." Soazig akamkalisha kwenye cherehani, yeye akashika kitambaa. "Kanyaga. Nikisema nawe, jibu, ila sindano isisimame."

"Kazi rahisi hiyo."

"Mama yako hajui kupika supu."

"Unasemaje wewe?"

"Haya, umeshasimamisha treni!"

Wakaendelea hivyo kila jioni. Soazig alimtusi ukoo mzima, akaimba, akamwita jirani aje kumchokoza dirishani. Kufikia Pasaka nyumba ilikuwa na mapazia mpaka chooni, na mguu wa Jakez ulikuwa ukicheza hata mezani.

Siku ya mtihani, Hascoët alikaa pembeni yake, macho kwenye pedali. Mambo yakaenda shwari mpaka kwenye kona moja nje ya mji, treni ilipopunguza mwendo. Hapo kwenye geti la reli alisimama Fañch, aliyemchochelea makaa miaka yote ile. Dizeli haihitaji mchochea makaa, ndiyo maana Fañch sasa alikuwa mlinzi wa geti. Alivua kofia, akaipunga kwa mikono miwili.

"We Jakez! Mbona umetakata hivyo? Nani anakuogesha siku hizi?"

Shingo ya Jakez iliwasha kutaka kutoka dirishani amjibu. Alimkumbuka mwenzake wa enzi za makaa. Akacheka, machozi yakamtiririka, asiweze hata kuyafuta, maana mikono ilikuwa kazini. Chini, mguu ulikanyaga, ukaachia, ukakanyaga.

Hascoët akainua macho. "Unalia, Bwana Kerdoncuff?"

"Nalia, bwana mkaguzi."

"Lia tu. Treni inakwenda."