Korido ya Baba

Iko siku moja, mwanangu, nikiikumbuka mpaka leo nacheka peke yangu. Siku hiyo nilikwenda msikitini na futi mkononi kupima jeneza, na nyumbani kwetu hakuna aliyekufa.

Umeniuliza juzi ujifunze programu ipi ya CAD, hizi za kuchorea ramani kwenye kompyuta, maana unapenda kuchora na hela ya zile kubwa za maofisini huna. Nitakujibu. Ila kaa kwanza. Nyie watu wa siku hizi mna haraka, jibu halijaanza mshasimama.

Mie nilianza kama wewe, kwa kupenda tu. Sikuwa mhandisi wala sikuwa na mpango wa kuwa. Nilikuwa karani kiwandani Chang'ombe, na ofisi ilipobadilisha kompyuta nikauziwa moja ya zamani, inanguruma utadhani mashine ya kusaga. Programu niliinunua Kariakoo, iko kwenye sidii, ya bei nafuu, ya watu wa kujichorea nyumbani. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kukosea na kufuta. Nikachora kigoda, nikachora kabati la vyombo, nikachora kitanda cha dada yangu Mwanahawa. Ukishaweza kulizungusha kabati kwenye kioo ukalitazama na mgongoni, weee, unajiona bingwa.

Basi masika yakaangusha ukuta wa nyuma wa nyumba yetu, Tandika. Baba akasema heri tujenge upya kabisa. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili, unazijua: korido katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Nikasema ramani nachora mie. Nikaing'oa korido yote. Nikaweka sebule kubwa, jiko la ndani, na vyumba nikavisukuma nyuma, unavifikia kwa kinjia chembamba chenye kona, kama nyumba nilizokuwa nikiziona magazetini. Nikaichapisha, nikaibandika ukutani. Majirani wakaja kutazama, mama akapiga vigelegele, fundi akaahidi kuchimba msingi wiki inayofuata.

Baba alikuwa mtu wa Kilwa, mpole, si msemaji, na moyo ulishaanza kumsumbua. Akavaa miwani, akaitazama ile ramani mpaka nikaanza kuona raha. Kisha akauliza, "Chumba changu kipi?"

Nikamwonyesha. Akaweka kidole pale, akakivuta taratibu kuelekea mlango wa mbele. Kwenye kona kikasimama.

"Hapa jeneza langu litapindaje?"

Mama akaruka. "Baba Mwanahawa! Maneno gani hayo?"

"Ya kawaida. Iko siku nitatolewa humu, na sitaki kupitishwa dirishani kama kochi. Nataka nitoke mlango wa mbele, nimenyooka."

Nilikasirika, sikufichi. Nikamwambia, "Baba, watu wanachora nyumba za kuishi."

Akavua miwani. "Na anayeishi humu ni mimi, mbona hukuniuliza? Nenda kapime jeneza, uchore tena. Si umesema kwenye kompyuta kufuta ni bure?"

Hilo la kufuta ni bure nilikuwa najigamba nalo kila siku. Nikachukua futi yangu.

Nikaenda msikitini. Mzee anayetunza vifaa vya maziko akanipa pole, akauliza nani katutoka.

"Hakuna, shikamoo."

"Marahaba. Sasa unampimia nani?"

"Baba."

"Anaumwa sana?"

"Hapana, yuko barazani anakunywa kahawa."

Akaniangalia vile mtu anavyomwangalia aliyechanganyikiwa, lakini akalitoa jeneza. Nikapima, nikashukuru, nikaondoka mbio kwa aibu.

Nyumbani nikalichora lile jeneza ndani ya ramani yangu, nikalitembeza kwenye kinjia. Kwenye kona likagoma. Nikapanua kidogo, likapita, nikafurahi, mpaka nilipokumbuka kwamba jeneza halitembei lenyewe. Nikawaita kaka zangu uani, wakabeba ngazi huku na huku, nikawapima kutoka bega la huyu mpaka bega la yule. Walinicheka mpaka wakaidondosha.

Nikairudisha korido. Pana, imenyooka, toka uani mpaka mlango wa mbele, na chumba cha baba kikafungukia humo. Sebule ikapungua, nikanuna siku nzima. Baba akapitisha kidole chake, hakikusimama popote. Akasema "Sawa," akarudi kwenye kahawa yake. Fundi akajenga hiyo.

Baba aliishi humo miaka mingi, alhamdulillahi. Alitembea kwenye korido ile na mkongojo wake, wajukuu wakaendeshea baiskeli zao humo wakimpigia kengele awapishe. Kisha siku yake ikafika.

Kwetu sisi, unajua, wanawake hatuendi makaburini. Wanaume wanabeba, sie tunabaki. Kwa hiyo mie kumsindikiza baba yangu ilikuwa korido ile tu, toka mlango wa chumba chake mpaka kizingiti cha mbele. Nilitembea nyuma yake. Hakuna aliyesema inua, hakuna aliyesema rudi nyuma kidogo. Kaka zangu walimbeba bega kwa bega, akapita amenyooka kama alivyotaka. Nililia sana, mwanangu. Lakini nilimwona mpaka mlangoni, na kwa ramani yangu ya kwanza ningemwona akiinamishwa kwenye kona.

Basi jibu lako ndo hili. Programu chukua yoyote unayoimudu, hata ya bure. Siku hizi ziko nzuri kuliko ile yangu, na mstari ulionyooka zote zinachora. Anza na kigoda. Kosea, futa, usione aibu. Ila kitu cha mtu usikichore kabla hujakaa naye ukamuuliza ataingiaje, ataketi wapi, atatokaje. Futi usiiache nyumbani. Na mwenyewe akikukosoa, nuna kidogo kama nilivyonuna mie, kisha rudi ukachore tena.

Mungu akupe mkono mwepesi na macho mazima, akuwekee wazee wa kukuuliza maswali magumu mapema. Na nyumba yako utakayoichora, inshallah, iwe na korido pana, iwatoshe wote watakaotaka kukusindikiza.